Mwandishi, Mganga na Pepo Mtoto: Santuri za Jazz Zenye Majina Yetu

Usiku wa mwisho wa mwaka 1970, watu wa San Francisco wakihesabu dakika za kuingia mwaka mpya, Herbie Hancock na wenzake walikuwa wamejifungia studio wakirekodi albamu. Wimbo wa kwanza waliutoa kwa Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa rumande. Albamu ilitoka mwaka 1971 kupitia Warner Bros. na jina lake likawa Mwandishi. Si la Kiingereza, si la Kifaransa. Mwandishi, hivyo hivyo, kama vile ungeandika juu ya mlango wa ofisi ya gazeti hapa Nairobi.

Ukigeuza jalada unakuta bendi nzima imebatizwa. Hancock mwenyewe ndiye Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa dramu ni Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Bennie Maupin, anayepuliza saksofoni na klarineti ya besi, ni Mwile. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Hata kijana aliyeitwa kuongeza dramu, Leon Chancler, yuko hapo kama Ndugu, na jina hilo alikaa nalo mpaka kufa. Miaka kumi na kitu baadaye Ndugu huyo ndiye aliyepiga dramu za Billie Jean ya Michael Jackson. Kwa hivyo kila mara wimbo huo unapopigwa kwenye harusi pale Machakos au Kitale, kuna mtu anaitwa Ndugu anayewachezesha shangazi zetu, na hakuna anayejua.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekulia Kiswahili. Na ndiyo maana majina haya yanamfurahisha mtu wa huku kuliko anavyotarajia. Chukua Mchezaji. Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba fulani ni mchezaji, atakuuliza anachezea timu gani. Sisi ala hatuichezi, tunaipiga. Gitaa linapigwa, kinanda kinapigwa, ngoma inapigwa. Anayecheza ni yule aliye uwanjani, wa mpira au wa dansi. Unaona kabisa kwamba kamusi ilifunguliwa kwenye neno la Kiingereza, kidole kikashuka, kikapata mchezaji. Mwile nadhani ni mwili, yenye herufi moja iliyopotea njiani. Mganga lina mantiki yake, maana Henderson alikuwa daktari kweli, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard. Lakini Pepo Mtoto, jameni. Walitaka kusema roho ya kitoto, roho changa isiyochoka. Ukienda Lamu ukajitambulisha kwa jina hilo, watu watakuitia shehe.

Nimeanza na kicheko makusudi, kwa sababu kicheko ndicho hutujia kwanza tukiona Kiswahili chetu kwenye mdomo wa mgeni. Ila tukiishia hapo tunakosa hadithi yenyewe. Watu hawa hawakuwa wanajipamba. Majina haya yalikuwa mwisho wa safari ya miaka karibu ishirini ambapo wanamuziki Weusi wa Marekani walikuwa wakiangalia upande huu wa Afrika, wakiweka walichokiona kwenye santuri. Nyingi ya santuri hizo sasa ni adimu. Baadhi zinauzwa kwa bei inayolingana na kodi ya nyumba. Na sisi wenye lugha ndio wa mwisho kuzisikia.

Safari inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Julai 1953, New York, Art Farmer na kundi lake walirekodi kipande kinachoitwa Mau Mau, Quincy Jones akiwa mmoja wa watunzi. Fikiria tarehe hiyo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya Oktoba 1952. Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria miezi mitatu tu kabla ya rekodi hiyo. Hapa nyumbani kutaja jina hilo vibaya kungekupeleka kizuizini, na kule vijana wenye tarumbeta wanalifanya jina la wimbo. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane wakarekodi Tanganyika Strut, miaka mitatu kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake.

Kisha ikaja ile kubwa. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliingia studio na zaidi ya wanamuziki 20 kurekodi Uhuru Afrika. Melba Liston, mwanamke aliyepiga tromboni na kupanga muziki kwa ustadi ambao wanaume wengi wa enzi yake hawakuwa nao, ndiye aliyeandika mpangilio. Langston Hughes aliandika maneno. Max Roach alikuwepo, Olatunji wa Nigeria alikuwepo, wapiga ngoma wa Cuba walikuwepo. Sehemu nne za albamu zinaitwa Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Na sauti ya kiume inayosoma Kiswahili humo ndani ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa akiishi New York na kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isiyo ya mkoloni, na Sanga akamwonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba shairi zima bila kuomba msaada. Baadaye Sanga alirudi nyumbani akawa mbunge wa Makete. Wabunge wengi tumekuwa nao Afrika Mashariki. Mbunge aliyewahi kusikika kwenye albamu moja na Max Roach, mimi namjua mmoja tu.

Mwaka 1964 serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku Uhuru Afrika. Sifa gani nyingine albamu inahitaji?

Februari mwaka huohuo wa 1964, miezi miwili baada ya sisi kupata uhuru, Lee Morgan alirekodi Search for the New Land kwa kampuni ya Blue Note, na ndani yake mna wimbo unaoitwa Mr. Kenyatta. Piano inapigwa na kijana wa miaka 23 aitwaye Herbie Hancock. Yaani kabla hajawa Mwandishi, vidole vyake vilishapita Gatundu.

Sasa, kwa nini Kiswahili? Swali hili huulizwa kwa dharau kidogo, hata na wasomi: si mababu wa Wamarekani Weusi walitoka hasa Afrika Magharibi na Kongo? Kwa nini wasichukue Kiyoruba, Kiwolof au Kikongo? Jibu liko kwenye siasa za miaka ya sitini. Kiswahili hakikuwa mali ya kabila moja. Mtu angeweza kukichukua bila kuonekana amechagua upande. Tanzania ya Nyerere ilikuwa imekifanya lugha ya serikali na ya shule, na Azimio la Arusha la 1967 likakipa msamiati wa siasa: ujamaa, kujitegemea, ndugu. Malcolm X alipita Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1964, na Dar ikawa kituo cha wapigania uhuru kutoka kila kona ya bara. Kwa kijana wa Los Angeles au Brooklyn aliyekuwa anatafuta jina lisilotoka kwa mwenye shamba la pamba, Kiswahili kilisikika kama lugha ya watu walioshinda.

Maulana Karenga ndiye aliyeijenga njia hiyo ikawa barabara. Mwaka 1966 alianzisha Kwanzaa yenye Nguzo Saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Falsafa nzima aliiita Kawaida. Hapa tena Mswahili atatabasamu, maana kwetu kawaida ni kile usichokiwazia: chai ya kawaida, siku ya kawaida. Ila neno hilo pia ni desturi, mila, jinsi mambo yetu yanavyofanywa. Kwa mtu aliyenyang'anywa desturi, neno hilo si dogo hata kidogo.

Mmoja wa vijana waliokuwa katika harakati za Karenga ni James Forman, mwana wa mpuliza saksofoni Jimmy Heath, aliyejiita Mtume. Desemba 1969 ami yake, mpiga dramu Albert Heath, aliita kikao cha kurekodi. Walioitika: Hancock, Don Cherry, Jimmy Heath, Buster Williams, Ed Blackwell, na Mtume mwenyewe kwenye ngoma. Albamu ikaitwa Kawaida. Kwenye jalada Heath ni Kuumba, na majina ya nyimbo yanasomeka kama orodha ya maneno ya mtihani wa darasa la nne: Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia. Majina ya Mwandishi na Mchezaji yalianzia hapo, na aliyeyatoa ni Mtume. Mwaka uliofuata bendi ya Hancock ikayabeba barabarani. Kila mmoja akataka lake.

Huyu Mtume ana maisha matatu. La kwanza ni hilo. La pili, kuanzia 1971 alipiga ngoma na Miles Davis kwenye ile bendi ya umeme iliyowaudhi wapenzi wengi wa jazz. La tatu, mwaka 1983 alitoa Juicy Fruit, wimbo wa mapenzi ambao mwaka 1994 Notorious B.I.G. aliukata na kuufanya msingi wa Juicy. Kama umewahi kupanda matatu ya Rongai yenye spika nzuri, umemsikia Mtume. Alifariki Januari 2022.

Lakini albamu yake ambayo wakusanyaji wanaiota usiku ni Alkebu-Lan, iliyorekodiwa mwaka 1971 mbele ya watu katika kituo kilichoitwa The East, Brooklyn, na kutolewa mwaka uliofuata. The East hakikuwa klabu ya pombe. Kilianzishwa 1969 na mwalimu Jitu Weusi pamoja na wenzake, na ndani yake kulikuwa na shule iliyoitwa Uhuru Sasa Shule. Mwalimu wa sarufi atasahihisha: jitu jeusi, si jitu weusi. Sawa, mwalimu. Lakini hebu tafakari kwanza kwamba kulikuwa na watoto Brooklyn waliokuwa wakiingia kila asubuhi kwenye jengo ambalo jina lake lilisema uhuru, sasa. Muziki wa Alkebu-Lan ulipigwa kwa watu wa mtaa huo, sio kwa watalii. Unasikia ukumbi. Unasikia watu wakiitikia kama kanisani.

Kampuni iliyoitoa inaitwa Strata-East, na hapa ndipo historia ya majina inageuka kuwa historia ya umiliki. Charles Tolliver, mpiga tarumbeta, na Stanley Cowell, mpiga piano, waliianzisha New York mwaka 1971 kwa sababu hakuna kampuni iliyotaka albamu yao. Utaratibu wao ulikuwa rahisi na mkali. Mwanamuziki anagharamia rekodi yake. Kampuni inasaidia kuichapisha na kuisambaza. Mapato, sehemu kubwa inakwenda kwa mwanamuziki. Na kanda asilia, ile kanda ya studio ambayo santuri zote huzaliwa kutoka kwake, inabaki mali ya mwanamuziki. Kwa mtindo huu walitoa albamu zaidi ya 50: Glass Bead Games ya Clifford Jordan, Capra Black ya Billy Harper, Musa ya Cowell mwenyewe, Mutima ya Cecil McBee. Mutima ni moyo katika lugha nyingi za Kibantu, na wasomaji wa utenzi wanalijua kama mtima. Iliyouza zaidi ni Winter in America ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson, ya 1974.

Tatizo la kujitegemea ni kwamba huna pesa za kuchapisha nakala nyingi. Santuri hizi zilitoka kwa idadi ndogo, zikauzwa kwenye ukumbi, dukani kwa rafiki, mkononi. Zikiisha, zimeisha. Ndiyo maana leo nakala ya kwanza ya Alkebu-Lan inauzwa kwa mamia ya dola. Na kwa kuwa kila kanda ina mwenyewe, anayetaka kutoa toleo jipya hawezi kupiga simu moja kwa ofisi moja. Lazima amtafute mwanamuziki, au mjane wake, au watoto wake. Kazi hiyo ni ya polepole. Wengine wakaona heri njia ya mkato: wanachukua santuri iliyopo, wanainakili, wanachapisha jalada la kufanana, wanauza. Mwenye kanda hapati hata senti.

Linganisha na upande wa pili. Search for the New Land, yenye Mr. Kenyatta, iko chini ya Blue Note, na Blue Note iko chini ya Universal. Kampuni kubwa ina faida zake. Albamu hiyo imetolewa upya mara nyingi, kwa ukubwa na ubora tofauti, na ukiwa na bando la simu unaisikiliza sasa hivi. Lakini kampuni kubwa pia ni ghala moja lenye mlango mmoja. Juni 2008 moto ulizuka kwenye eneo la studio za Universal, California. Kwa miaka 11 umma uliamini hasara ilikuwa ya filamu. Mwaka 2019 gazeti la New York Times likaripoti kwamba kanda asilia za muziki, zikiwemo za kampuni ya Impulse iliyomrekodi Coltrane, ziliteketea pia kwa wingi. Universal ilipinga ukubwa wa hasara uliotajwa. Hata ukichukua hesabu ya chini kabisa, funzo halibadiliki: kile ulichomwachia mwingine akutunzie, siku ghala likiungua utaambiwa mwishoni.

Kwa hivyo mtu anayesubiri matoleo mapya anasubiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Anataka kusikia, ndiyo. Lakini pia anataka kujua ni nani atakayekula. Zamani nilidhani hawa wakusanyaji ni watu wa kuhesabu herufi zilizochorwa karibu na kitovu cha santuri na kubishana kuhusu uzito wake kwa gramu. Wako, na hawaachi. Ila ukiwasoma vizuri utaona kwamba wengi wao ndio waliolinda historia hii wakati kampuni zenyewe zilikuwa zimeisahau. Wajapani na Waingereza walikuwa wakichapa upya albamu za Strata-East wakati Marekani hakuna aliyeuliza. Na mwaka 2025 kampuni ya Mack Avenue ikashirikiana na Strata-East kuanza kurudisha katalogi hiyo sokoni, Tolliver akiwa bado hai kuliona. Cowell alikuwa ameshatutoka, Desemba 2020. Hivi ndivyo matoleo mapya yalivyo: yanakuja, lakini mara nyingi yanawakuta nusu ya wenyewe.

Kwa mkusanyaji wa Nairobi hesabu ina mstari mwingine. Santuri ikitoka London au New York, unalipa bei yake, unalipa usafiri ambao mara nyingine unazidi bei yenyewe, halafu inafika hapa na ushuru na asilimia 16 za VAT juu. Ukienda Kenyatta Market, pale kwenye vibanda vya santuri katikati ya harufu ya nyama choma, utapata Jim Reeves, utapata Franco, utapata Boney M. kwa wingi unaotisha. Ukiuliza jazz, muuzaji mzee atakuuliza kwa upole: jazz gani, kijana? Na swali lake ni la haki kabisa.

Kwa sababu huku kwetu neno jazz lilikuwa na maisha yake. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Morogoro Jazz ikamlea Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 na kuacha pengo ambalo wazee bado wanalipima. Kulikuwa na Western Jazz, kulikuwa na Kilwa Jazz. Ng'ambo ya maziwa, Léopoldville, O.K. Jazz ilianza 1956. Hapa Kenya, D.O. Misiani aliiita bendi yake Shirati Jazz na kupiga benga safi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukimwekea mtu wa New Orleans santuri ya Shirati akisubiri jazz, atasubiri sana. Neno hilo kwetu halikuwa jina la mtindo. Lilisema: sisi ni bendi ya kisasa, tuna magitaa, tuna tarumbeta, njooni mmevaa vizuri.

Yaani kilikuwepo kitu kama biashara ya kubadilishana, ambayo hakuna aliyeiandikia mkataba. Sisi tulichukua neno lao tukaliweka kwenye muziki wetu bila kuangalia linafaa au halifai. Wao wakachukua maneno yetu wakayaweka kwenye muziki wao, mchezaji mahali pa mpigaji, pepo mahali pa roho. Kila upande uliona kwa mwenzake kile alichokuwa anakihitaji. Sisi tulitaka usasa ambao haukupitia kwa gavana. Wao walitaka ukale ambao haukupitia kwa bwana shamba. Nani alimkosea mwenzake sarufi? Wote wawili. Na wote wawili walipata muziki.

Kuna neno moja hata hivyo ambalo lilitua mahali pake, na kwangu mimi ninayeishi kwa kuandika vipande vya kulipwa kwa neno, linanigusa. Mtunzi wa muziki kwa Kiswahili ni mtunzi, si mwandishi. Lakini sikiliza albamu yenyewe. Hancock haendi mbio. Anaacha nafasi, anaweka alama moja ya piano, anangoja, anarudi kuifuta. Wenzake wanasoma alichoandika na kuongeza pembeni. Warner Bros. hawakuelewa, watu hawakununua. Ilifuata Crossings mwaka 1972, kisha Sextant ya 1973 chini ya Columbia, halafu bendi ikavunjika kwa sababu ya ukata. Mwaka huohuo Hancock akatoa Head Hunters, ikauza kupita kiasi, na majina ya Kiswahili yakabaki nyuma. Mwaka 1994 ndipo rekodi zake za Warner zilipokusanywa kwenye CD mbili zenye jina la Mwandishi, na vijana waliozaliwa baada ya bendi kufa wakaanza kuielewa. Priester, kwa upande wake, mwaka 1974 alitoa Love, Love kupitia ECM akiwa bado na Pepo Mtoto kwenye jalada.

Na sisi? Kila nikisoma maelezo ya jalada la toleo jipya la albamu hizi, nakuta mwandishi wa London au Chicago akieleza maana ya neno la Kiswahili kwa kulitafuta kwenye kitabu, akirudia kosa la 1970. Hakuna aliyefikiria kumuuliza mtu wa Tanga. Tungeweza kusema mengi. Tungeweza kueleza kwa nini mchezaji inachekesha na kwa nini, ukiwaza zaidi, inafaa, kwa kuwa Buster Williams anaicheza ile besi kama mtu anayepiga chenga. Tungeweza kusema Sanga ni nani na Makete ni wapi.

Lakini kuwadai wengine ni rahisi. Muziki wetu wenyewe wa miaka ileile, ukiutaka kwenye santuri mpya, utaununua kutoka nje. Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo zetu za miaka ya 70 na 80, ulitolewa mwaka 2013 na Soundway ya Uingereza. Ketebul Music hapa Nairobi walifanya kazi nzuri na Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, na bado wanafanya, ila hawawezi kuwa peke yao. Sauti ya Kenya ilirekodi, KBC ikarithi. Familia za wanamuziki zina santuri chini ya vitanda, zikipinda kwa joto. Swali la Tolliver na Cowell la mwaka 1971 linatufaa hata sisi: kanda ni ya nani, na iko wapi?

Orodha yangu ya kungoja ni fupi. Nangoja Kawaida, kwa sababu imeuzwa miaka mingi ikiwa na jina la Hancock mbele ilhali kikao kilikuwa cha Heath, na mwenye kikao anastahili jina lake. Nangoja Alkebu-Lan kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulipa, pesa ikienda kwa familia ya Mtume. Nangoja Uhuru Afrika kwenye santuri nzito, maneno ya Sanga yakiwa yamechapwa ndani kwa Kiswahili, ili mtoto wa Makete aweze kuyasoma akisikiliza. Na kama kampuni yoyote inatafuta mtu wa kusahihisha sarufi kwenye jalada, niko tayari. Pepo Mtoto nitaliacha kama lilivyo.